Usipoziba Ufa: Majengo ya Wazee Wetu na Kazi ya Matawi



Kuna maneno mawili yanayosemwa katika miji yetu juu ya majengo ya kale, na yote mawili yatuudhi. Neno la kwanza lasemwa na wale wajionao watu wa maendeleo. Hao husema: "Magofu haya ya nini? Hizi ni nyumba za Masultani na maboma ya Wajerumani. Yabomolewe yote, tujenge ghorofa za vioo kama wenzetu." Neno la pili lasemwa kwa sauti ya upole. Wasemaji wake husema: "Msiyaguse majengo hayo. Ni ya watalii na wataalamu. Siku moja watakuja wafadhili na fedha zao, nao watayatengeneza."

Sisi twasema kwamba maneno haya, ijapokuwa yaonekana kupingana, yamezaliwa na mama mmoja. Anayetaka kubomoa na anayemngoja mfadhili, wote wawili hawaamini kwamba majengo yale ni yetu. Mmoja ayaona ni takataka ya mkoloni, mwingine ayaona ni mali ya mgeni. Na kwa kuwa hakuna ayaonaye kuwa yake, hapana apandaye juu ya paa kuziba tundu. Mvua yanyesha, maji yaingia ukutani, na baada ya miaka michache wale wabomoaji hawana haja ya kuleta nyundo, kwa maana jengo limekwisha anguka lenyewe.

Katika makala hii twataka kueleza kwa nini majengo ya kale ni jambo la siasa, tena jambo la kila tawi la Chama, wala si starehe ya wasomi. Tena twataka kueleza kwamba jengo halitunzwi kwa hotuba, wala kwa kibao cha shaba, bali hutunzwa kwa mikono ya mafundi. Taifa likipoteza mafundi wake limekwisha poteza majengo yake, hata kama bado yamesimama.

ADUI ALIJUA

Mtu akitaka kujua thamani ya kitu chake, na atazame adui yake akitakaje. Oktoba 1894 Wajerumani walifika Kalenga, katika nchi ya Uhehe, wakaishambulia kwa mizinga ngome ya Mtwa Mkwawa. Hawakutosheka na kuiteka. Waliivunja, maana walijua kwamba maadamu ukuta ule wasimama, Wahehe watautazama na kukumbuka kwamba waliwahi kuwa na dola yao. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga Juni 1954, majuma machache tu kabla ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai mwaka ule ule. Fuvu liliweza kurudishwa. Ngome haikurudi.

Mambo ya namna hiyo yalitendeka mahali pengi. Mwaka 1874 Waingereza walipoingia Kumasi walililipua kwa baruti jumba la mawe la Mfalme wa Ashanti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao ziliipiga mizinga ikulu ya Unguja kwa muda usiofika hata saa moja, majumba yakawa kifusi. Wala jambo hili si la Waafrika peke yetu. Mwaka 1944, baada ya wananchi wa Warsaw kuinuka kupigana na majeshi ya Hitler, Wajerumani waliubomoa mji wao mtaa kwa mtaa kwa makusudi. Sehemu ya kale ya mji iliharibiwa zaidi ya asilimia 85. Vita vilipokwisha Wapolandi walikuwa maskini, hawana chakula cha kutosha wala makazi. Hata hivyo waliujenga upya mji wao wa kale, wakifuata michoro na picha za zamani, nyumba kwa nyumba. Walijua kwamba aliyeubomoa alikusudia kuliua taifa, nao wakakataa kufa.

Na kuna hila nyingine ya adui, ambayo ni mbaya kupita mizinga. Hila hiyo ni kuliacha jengo lisimame na kumnyang'anya mjenzi jina lake. Tazameni Zimbabwe Kuu. Kuta zile za mawe ya matale zilijengwa na Waafrika kati ya karne ya 11 na ya 15, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa wala udongo wa kuzishika, na mahali pengine zafika mita 11 kwenda juu. Mzungu Karl Mauch alipozifikia mwaka 1871 alisema ni kazi ya Malkia wa Sheba. Wengine wakasema ni Wafoinike. Wakasema lo lote, ila si Mwafrika. Mwaka 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alichimba na kusema wazi kwamba wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson akathibitisha hayo. Lakini serikali ya walowezi wa Rhodesia haikupenda kusikia. Hata katika miaka ya 1970 iliwashurutisha waandishi wa vitabu vya wageni wasiiseme kweli hiyo. Ndugu, serikali yenye bunduki na ndege iliogopa ukuta wa mawe! Na mwaka 1980 wananchi wa nchi ile walipopata uhuru, jina la taifa walilichukua katika ukuta ule ule.

NYUMBA YA NANI?

Hapa mwenzetu mmoja atasimama na kuuliza swali la haki. Atasema: "Zimbabwe Kuu na Kalenga ni kazi ya babu zetu, nakubali. Lakini majumba ya Unguja yalijengwa na Masultani waliomiliki watumwa. Boma la Bagamoyo lilijengwa na Wajerumani waliotutia minyororo. Kwa nini nitoe jasho langu kuitengeneza nyumba ya aliyenipiga?"

Swali hili hatulidharau, na asiyeliuliza hajaionja historia yetu. Lakini jibu letu ni hili. Ni nani aliyeyakata matumbawe baharini maji yakipwa? Ni nani aliyeyapanga matanuri ya chokaa, akabeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, akazipandisha ghorofani? Ni nani aliyechonga milango? Bwana alitoa amri, mikono ilikuwa yetu, na mara nyingi mikono hiyo haikulipwa hata senti moja. Kulibomoa jengo lile ni kuifuta kazi ya yule asiyelipwa, na kumwondolea bwana ushahidi wa dhuluma yake. Mwizi hufurahi sana shahidi akifa.

Tazameni Ngome ya Yesu kule Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili kuutawala mji kwa mizinga. Waarabu wa Oman wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza walipokuja waliifanya jela, ikawa jela hata mwaka 1958. Bwana baada ya bwana aliingia katika lango lile, na kila mmoja aliondoka. Leo ni makumbusho, na mtoto wa Kenya huingia kwa miguu yake na kutoka kwa hiari yake. Je, kuna somo gani la uraia lililo bora kuliko hilo? Kama ngome ile ingalibomolewa, mwalimu angalikuwa na maneno matupu. Sasa ana ukuta wa kuonyesha kwa kidole.

Lakini twaweka sharti. Kulitunza jumba si kumsujudia mwenyewe. Tunapolitengeneza jengo la Sultani au la Gavana, ni lazima maneno yaandikwayo mlangoni na yale yasemwayo na waongozaji wa wageni yaseme kweli yote: nani aliamuru, nani alijenga, kwa malipo gani, na chini ya kiboko cha nani. Mahali watumwa walipofungwa pasifanywe duka la vinyago, hadithi yao ikaachwa nje. Bila ya sharti hilo tutakuwa tunamtengenezea mkoloni sanamu yake kwa fedha zetu wenyewe.

SIRI YA CHOKAA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii tumeikariri tangu madarasa ya chini, tukaitumia kwa tabia mbaya za watoto na kwa magomvi ya ndugu, mpaka tukasahau kwamba yasema juu ya ukuta wa kweli.

Nyumba za mawe za pwani yetu, tangu Kilwa mpaka Lamu, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yaive kwa muda mrefu. Sakafu na dari zilibebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Kuta ni nene, kwa hiyo joto la mchana halifiki ndani upesi. Kwa elimu hii wazee wetu waliujenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na katika karne ya 14 Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule kwa uzuri wake. Hapo Mreno hajajua hata njia ya kufika kwetu.

Sasa, ukuta wa chokaa una tabia yake. Ni laini, nao hupumua: unyevu ukiingia, hutoka tena. Fundi asiyejua hufika na mfuko wa saruji, akaziba ufa, akapaka ukuta mzima, akalipwa, akaenda zake. Kwa mwaka mmoja ukuta wang'aa. Lakini saruji ni ngumu, haipitishi unyevu, na maji yaliyomo ndani ya ukuta hayana pa kutokea. Chumvi yajikusanya, mawe yaoza nyuma ya ngozi ile nzuri, na siku moja saruji yabanduka ikiwa imeshikana na nusu ya ukuta. Katika mji mmoja wa pwani tumeona nyumba ya karne nyingi ikiharibiwa hivyo, na kazi ile iliitwa ukarabati! Kila mtu alikuwa na nia njema. Kilichokosekana ni mzee mmoja mwenye kujua chokaa, na kijana mmoja wa kumsikiliza.

Watu walioyahifadhi majengo yao wamefanyaje? Twendeni Djenné, katika nchi ya Mali. Msikiti wao mkubwa, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo mtupu. Mvua moja kubwa yaweza kuula. Basi kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika: mabarobaro hupanda kwenye vijiti vilivyotokeza ukutani, wanawake huleta maji, na waashi wenye chama chao cha tangu zamani husimamia. Msikiti ule wa udongo umesimama zaidi ya miaka 100 kwa sababu kila mwaka huguswa na mikono. Kadhalika Wajapani, hekalu lao la Ise, lililo la mbao, hulijenga upya kila baada ya miaka 20. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Mbao ni mpya, lakini ujuzi ni wa kale, kwa kuwa kijana ajengaye leo atamfundisha mwingine baada ya miaka 20. Wao wametambua kwamba kinachohitaji kuhifadhiwa kwanza ni fundi.

Na hapa jirani kwetu, Uganda, yapo makaburi ya Makabaka pale Kasubi. Ni nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, iliyojengwa mwaka 1882. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto, na Baganda wakalia kama waliofiwa. Lakini ukoo wa Ngeye, ambao tangu zamani ndio waezekaji wa nyumba za Kabaka, ulikuwapo bado. Kazi ilichukua miaka zaidi ya kumi, ikawa na taabu nyingi, lakini nyumba ilisimama tena, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Fikirini ingalikuwaje kama waezekaji wale wangalikwisha kufa bila ya kurithisha kazi yao. Fedha zote za dunia zisingaliweza kununua ujuzi uliozikwa.

Na sisi je? Unguja tulikuwa na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, jumba la kwanza pale Unguja kuwa na taa za umeme. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa la wananchi, na baadaye likafanywa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake za ghorofani ilianguka. Huo ndio ufa! Miaka ikapita kwa mipango na mazungumzo. Hatimaye kazi ya ukarabati ilianza kwa fedha za Oman, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele ya jumba vikaporomoka. Watu wawili wakafa.

Ndugu, wale waliokufa walikuwa wafanyakazi. Hawakuwa watalii, wala si wataalamu waliokuja kwa ndege. Twawataja hapa ili wale wasemao kwamba habari za majengo ni anasa wajue nani hulipa ufa usipozibwa. Hulipa yule aliye juu ya jukwaa la mbao na ndoo mkononi.

Lakini haifai tuseme mabaya tu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Mawimbi yalikuwa yanakula ufuo, na kuta zilikuwa zinaanguka baharini. Kuta zikatengenezwa, kinga za bahari zikajengwa, mikoko ikapandwa, na wenyeji wakashiriki. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha ile. Basi tusiambiwe kwamba sisi hatuwezi.

WASANIFU WA LEO

Rafiki yetu wa ghorofa za vioo atasema: "Haya, kuyatunza ya kale nimekubali, lakini kujenga mapya ni lazima tuige Ulaya." Hilo nalo ni kasumba. Ghorofa la vioo lilibuniwa katika nchi za baridi, ambako jua ni rafiki. Huku kwetu kioo huingiza joto mchana kutwa, na lazima mashine za kupoza hewa zinguruma toka asubuhi hadi jioni. Umeme ukikatika, wakubwa hutoka ofisini wakijipepea kwa majalada. Babu yake Mlamu asiyejua kusoma michoro alijenga nyumba yenye ubaridi bila hata mashine moja.

Hatusemi turudi nyuma. Twasema msanifu majengo aliye hodari ni yule ajuaye ya kale na ya sasa. Mmisri Hassan Fathy, aliyezaliwa mwaka 1900, aliona kwamba mbao na chuma ni ghali kwa mkulima. Akawaendea waashi wa Kinubi kule Aswan, waliojua kujenga paa la tao kwa matofali ya udongo bila ya kushikizia mbao. Alichojifunza kwao akakitumia tangu mwaka 1945 kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor. Nyumba zake zilisifiwa na dunia nzima. Lakini wanakijiji wenyewe walikataa kuhamia, maana serikali ndiyo iliyotaka kuwahamisha, nao walikuwa na riziki yao pale walipokuwa wakikaa. Kiongozi wa Chama na ayaweke moyoni mambo haya mawili: kwamba fundi asiye na cheti aweza kumfundisha mwenye digrii, na kwamba nyumba nzuri iliyojengwa bila shauri la wenye kukaa ndani yake itabaki tupu.

Francis Kéré wa Burkina Faso aliyashika yote mawili. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, akajifunza useremala, kisha akasoma usanifu mjini Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha kuwajengea ndugu zake shule, iliyokwisha mwaka 2001. Matofali ni ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya dari ameinua paa la mabati, likakaa mbali na dari, ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Wanakijiji walibeba mawe na maji kwa mikono yao, vijana wakajifunza uashi, na ujuzi ule ukawa kazi ya kuwalisha. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika usanifu majengo, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata. Hakuipata kwa kuiga vioo. Aliipata kwa udongo wa Gando.

Na kwetu alikuwapo Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo Waafrika katika Afrika Mashariki. Yeye ndiye aliyelichora Soko la Kariakoo lililojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, lenye paa za zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa, kivuli kipana chini yake na hewa ikipita. Zege ni kitu kipya, lakini fikira ni ya soko la Kiafrika, la watu kukutana kivulini. Julai 2021 soko lile liliungua. Wakatokea watu wa kusema libomolewe. Halikubomolewa, liliwekwa katika mpango wa ukarabati, na soko jipya likapangwa kujengwa kando yake. Twapongeza uamuzi huo, maana jengo la kale si lazima liwe la miaka 600. Jengo lililochorwa na mwananchi katika miaka ya mwanzo ya uhuru nalo ni shahidi, na wajukuu zetu watatuuliza tuliliweka wapi.

SHERIA NA MWAKA 1863

Jambo hilo latuleta kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale iliyotungwa mwaka 1964 iliweka mpaka: jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 lalindwa moja kwa moja, na lililojengwa baada ya hapo lahitaji kutangazwa na serikali ndipo lilindwe. Mpaka huo ulifaa kwa Kilwa. Lakini hebu hesabuni. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa zama za Sultani Majid kiasi cha mwaka 1866, liko upande wa pili wa mpaka. Ngome ya Kalenga iko upande wa pili. Maboma yote ya Wajerumani yako upande wa pili. Na nyumba zote ambamo wananchi walikutana kudai uhuru, kila moja yao, iko upande wa pili, ikingoja mtu aikumbuke.

Nyumba ndogo ya Magomeni alimokaa Mwalimu Nyerere siku za kudai uhuru ilikumbukwa, ikafanywa makumbusho, na ni vema. Lakini uhuru haukudaiwa Magomeni peke yake. Ulidaiwa katika nyumba za Kiswahili zisizo na jina, nyumba za udongo na fito, zenye ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Barazani pale ndipo kadi zilipouzwa. Ukumbini pale ndipo kina mama walipokutana wakati mkutano wa hadhara umekatazwa. Nyumba hizi hazina milango ya nakshi, hazitembelewi na wageni, na kila mwaka zabomolewa bila hata picha moja kupigwa. Tukiwahifadhia Masultani majumba yao na kuzisahau nyumba za wanachama, tutawafundisha watoto kwamba historia hufanywa na wenye ghorofa tu.

KAZI YA MATAWI

Basi, tufanye nini? Sisi tuzungukao matawini twajua kwamba wanachama huchoka kusikia "ni lazima, ni lazima" bila kuambiwa waanzie wapi. Twatoa shauri la mambo manne.

Kwanza, kila tawi liandike orodha ya majengo ya eneo lake yaliyo na historia: la mfalme, la mkoloni, la dini, la Chama, la ushirika, la shule. Liandikwe jina la aliyejenga kama lajulikana, na maneno ya wazee walio hai. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji daftari, kalamu na heshima ya kuketi na wazee kabla hawajatutoka. Orodha ipelekwe wilayani, na wilaya iipeleke kwa wenye mamlaka ya kutangaza, kwa barua yenye nakala.

Pili, kila mji wa pwani utafute waashi wa chokaa waliosalia, na kila mmoja apewe vijana wawili wa Umoja wa Vijana wa kujifunza kwake, wakilipwa ujira wa haki. Vivyo hivyo bara, kwa wajenzi wa tembe na waezekaji. Tumesomea ualimu, twajua kwamba ujuzi usiokuwa na mwanafunzi hauna maisha. Halmashauri inapotangaza kazi ya kulitengeneza jengo la kale, isimpe mkandarasi asiyekuwa na fundi wa chokaa hata mmoja.

Tatu, walimu wawachukue watoto wakayaone majengo haya, na kabla ya masika wawape kazi ya kusafisha mifereji na kung'oa miche inayoota kutani. Mtoto aliyeng'oa mche wa mtini katika ukuta hatakubali kirahisi, akiwa mkubwa, ukuta ule uuzwe.

Nne, na hili twalisema kwa nguvu: kuhifadhi kusiwe njia ya kuwafukuza wanyonge. Katika miji ya kale wamo wapangaji, wachuuzi, mafundi cherehani na wajane walioishi humo miaka mingi. Tumekwisha ona mahali pengine kwamba nyumba ikitengenezwa, mpangaji huondolewa, na ikafunguliwa hoteli ambayo yeye hawezi kununua hata kikombe cha chai ndani yake. Mji wa kale usio na watu wake ni ganda la konokono. Mpango wo wote wa ukarabati usioeleza wapangaji watakaa wapi wakati wa kazi, na watarudi kwa kodi gani, Chama kiukatae hadharani.

Watu watasema nchi ina njaa, ina magonjwa, ina barabara mbovu, na kwamba hayo ndiyo ya kwanza. Twakubali kwamba hayo ni makubwa. Lakini kupanda juu ya paa na kuziba tundu hakumzuii mtu kulima, na bei ya kuziba tundu ni ndogo, ila bei ya kujenga ukuta ni kubwa. Jumba lililoporomoka Unguja limegharimu mamilioni yasiyo na hesabu ndogo, na roho mbili zisizorudi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya.

Masika hayangoji mikutano. Katibu wa kila tawi asomaye makala hii na aitishe wanachama Jumapili ijayo, wachukue ngazi, wakatazame paa na mifereji ya jengo moja tu, lile lililo karibu nao kupita yote. Wakiona ufa, wauandike, wamtafute fundi anayejua, na wauzibe.

Uhuru na Kazi!